Mama wa Zamu

Mpaka leo Jumamosi siipendi. Wenzangu huchukia Jumatatu kwa sababu ya kazi. Kwangu mimi ni Jumamosi, tena adhuhuri, sufuria zinapoteremshwa na nyumba zinanuka nazi. Siku hizi niko peke yangu, na saa hiyo ikifika hufunga mlango wa mbele nikakaa uwani mpaka alasiri ipite. Majirani wadhani nimelala. Waache wadhani.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, kwa watu wa minazi na mihogo, watu ambao wazee wao wamezikwa pale pale walipolima. Nikaolewa Magongo na mtu wa bandarini. Tulikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uwani jiko la wapangaji wote. Nilikuwa na ulimi mimi. Watu wa nyumba walikuwa wakinipisha kisimani si kwa heshima bali kwa kuogopa maneno yangu, nami nilijua, na nilipenda. Tulijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Alipokuwa hajatimiza miaka mitatu, na uhuru bado ni neno la mikutanoni tu, nikaanza kukohoa.

Sikusema. Nilisingizia moshi wa kuni, nikasingizia vumbi la barabara ya Magongo, na nilipotema damu kwenye leso ya kazi niliifua upesi nikaianika upande wenye doa ukiwa ndani. Aliyeiona ni jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa bara, mume wake mtu wa reli. Hawakuwa na mtoto. Kiswahili chake alikitamka polepole, neno moja moja, kama mtu anayepanga matofali, nami nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu uwani tukacheka. Basi siku hiyo aliishika ile leso, akaitazama, akanitazama. Hakucheka. Akasema, "Dada, hii ni kifua kikuu. Twende."

Njia nzima nilimtukana. Nilimwambia ana wivu, nilimwambia yeye ndiye aliyenitia ugonjwa kwa macho yake. Alinishika mkono tu. Nilipopigwa picha ya kifua daktari akasema nilazwe, na si kwa wiki wala mwezi. Mwaka, pengine na zaidi, sindano kila siku na vidonge vya kumeza kwa mafungu. Mtoto haruhusiwi kuingia wodini. Jirani alikuwa amembeba mwanangu mgongoni, akasema, "Mimi nitakaa na yeye mpaka mambo iwe sawa." Sikumshukuru. Nilikuwa nikimwangalia mwanangu.

Nilipolazwa, mambo yote ya dunia yalinitoka, likabaki moja. Nilitaka nitoke hai, na nikitoka mwanangu anijue. Basi. Sikuomba kitu kingine kwa Mungu.

Watu wa leo hawajui ugonjwa ule ulivyokuwa aibu. Ulikuwa ukiingia nyumba moja, ukoo mzima wapunguziwa salamu. Ndugu yangu mkubwa, wa tumbo moja, alipoambiwa amchukue mtoto, mkewe alijibu kupitia dirishani kwamba nyumba yao ina watoto wengine na mlango wao ni mmoja. Ndugu yangu alikuwa ndani, akisikia. Na mume wangu, huyo mwezi wa tatu alinitumia ami yake. Mzee yule alisimama kwenye mlango wa wodi, hakutia mguu ndani, akanipa talaka yangu huku kafunika pua kwa leso. Nikamwambia, "Funika na masikio basi, maana nina la kusema." Nikalisema. Aliondoka mbio. Wagonjwa wenzangu walicheka mpaka wakakohoa, na mimi nikacheka nao, kisha nikageukia ukutani na sikugeuka mpaka chakula cha jioni kilipokuja.

Sasa hapa niwataje kina mama, maana bila wao nisingekuwa hai kuandika haya.

Pale Magongo tulikuwa na chama cha mekoni. Harusi ikiwa kwa fulani, au matanga, sisi ndio wapishi. Sheria yetu ilikuwa zamu. Huyu akikuna nazi leo, kesho achambua mchele, kesho kutwa akaa na moto, na hakuna afanyaye jambo mara ya pili kabla wote hawajalifanya mara ya kwanza. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo katika zamu. Tulijivuna kwa hilo, na mimi ndiye niliyekuwa mkali kupita wote. Niliwahi kumpokonya mtu mwiko mkononi, mtu mzima, kwa kuwa aliruka zamu yake.

Upande wa pili walikuwako kina mama wa kanisa, watu wa bara, wake za watu wa reli na wa viwandani. Kazi yao ilikuwa kuzuru wagonjwa na kufundisha watu kuchemsha maji na kuanika matandiko juani. Sisi na wao tulikuwa tukipishana barabarani kwa salamu na hakuna zaidi. Walituona tuna makelele. Tuliwaona wana haraka.

Ugonjwa wangu ndio uliowakutanisha. Siku moja ya kuzuru, chama changu kilifika lango la hospitali na vikapu vyao, na wale wa kanisa wakafika na vyao, wote waulizia mgonjwa mmoja. Walisimama wakatazamana. Bi mkubwa wa chama chetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, akawaambia, "Hebu tusimpe mgonjwa chakula cha watu ishirini, na huku nguo zake chafu hazina wa kuzifua." Wakagawana palepale. Sisi tupike, kwa kuwa mimi sili isipokuwa cha halali. Wao wafue, kwa kuwa wamefundishwa namna ya kuchemsha nguo za mgonjwa wa kifua.

Wakaendelea hata kwa wagonjwa wengine. Wakawa wazunguka wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wao, kuwahimiza watu wakapigwe picha za kifua. Mtu wa pwani hafungulii mgeni anayebisha na karatasi mkononi. Bi mkubwa alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza habari za baba, za watoto, za mguu wa bibi uliokuwa ukiuma mwaka juzi, na wakati huo wote yule wa kanisa amekaa kimya na mikono mapajani. Mpaka kahawa ikija ndipo bi mkubwa huongeza, "Mwenzangu huyu ana neno." Watu wengi walipona kwa neno lile. Nasema kweli, walipona kina baba waliokuwa wameshaandikiwa wosia.

Turudi kwa mwanangu.

Wiki tatu za kwanza alikaa kwa jirani, chumba cha pili kutoka chetu, mlango aliouzoea. Jumapili ya tatu jirani akamleta kwenye ua wa waya, tulikoruhusiwa kuwaona watoto kwa mbali. Mwanangu alikuwa amelala begani kwake. Alikuwa amevaa gauni jipya la maua madogo, limeshonwa kwa mkono. Na mkono wake ulikuwa umeingia kwenye ukosi wa gauni la yule mama, unashika shingo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala kwangu. Hakulala hivyo kwa mtu mwingine, hata kwa baba yake.

Jirani akasema, "Dada, mimi nataka kukaa na mtoto mpaka wewe upone. Yeye hatahama. Yeye amezoea."

Nami nikasema. Nimekuwa nikitafuta jinsi ya kuyaandika maneno yale yapungue uchungu, hayapungui. Nilimwambia, "Wewe Mungu amekunyima wako, sasa waja kuvuna kwenye shamba langu?" Nilisema kwa sauti, wagonjwa wenzangu wakisikia, na kina mama wawili wa kanisa wakisikia.

Alimtoa mtoto mkono taratibu asiamke, akamweka bega la pili. Akasema, "Sawa, dada."

Siku ya kuzuru iliyofuata nilimwita bi mkubwa wa chama chetu karibu na waya. Nikamwambia mtoto asikae kwa mtu mmoja. Azungushwe kwa zamu kama tufanyavyo mekoni, kila nyumba wiki moja, na asirudi nyumba yoyote kabla hajapita zote. Hivyo hakuna atakayejifanya mama yake.

Bi mkubwa akatua kikapu chake. "Mwanangu, una hakika? Mtoto si sufuria."

"Wallahi nina hakika," nikasema. "Ama mwafanya hivyo ama mwamleta hapa alale nje ya waya huu."

Walikubali, maana mgonjwa hapingwi. Wakalipeleka kwa wenzao wa kanisa, nao wakaliona ni haki: nyumba sita za kwetu, nyumba sita za kwao, mzigo usimwelemee mtu mmoja. Ikabaki siku ya kumhamisha. Ijumaa tulikataa sisi. Jumapili walikataa wao. Jumamosi haikuwa na mwenyewe, wakaichukua hiyo, baada ya adhuhuri. Jirani alimfungia mwanangu vitu vyake katika leso: nguo, kikombe cha bati, mkeka mdogo. Akamkabidhi. Nasikia mtoto alilia mpaka akapoteza sauti. Nilipoambiwa hivyo, Mungu anisamehe, nilisikia raha, nilidhani ananililia mimi.

Mpango ule ulisifiwa sana. Watu walikuja kutoka Port Reitz na kutoka Mtopanga kuuliza ulivyofanywa, maana kila mahali palikuwa na mtoto wa mgonjwa. Kina mama wakajiita mama wa zamu, kwa utani, na utani ukawa jina. "Nani mama wa zamu wiki hii?" "Ni mimi, na wiki ijayo ni yule wa karibu na kinu." Nyumba za Wakristo zilitoa ahadi mtoto hatapewa kisichokuwa halali, na waliitimiza. Alirudi tu na nyimbo zao. Nilisema sikasiriki. Nilikasirika, lakini nilinyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi.

Kila Jumapili alikuja kwenye waya na mwanamke mwingine. Mwezi wa kwanza alilia na kuninyooshea mikono. Mwezi wa tatu hakulia. Mwezi wa sita alisimama wima, akanipungia mkono, akasubiri aambiwe inatosha. Nikawaambia wenzangu wodini, mwaona anavyokua? Wakasema twaona.

Kisha ikaja Jumapili aliyompungia mtu mwingine. Sote tulivaa mavazi mamoja ya hospitali, na mwenzangu mmoja, mfupi kama mimi, alikuwa amesimama mbele. Mwanangu akampungia yeye, vizuri, mkono ukiwa juu. Nikamwita kwa jina. Akageuka, akaitikia, "Abee, mama," akanipungia mimi pia, sawasawa na alivyompungia yule. Usoni mwake hapakuwa na dalili ya kujua amekosea. Mwenzangu akasema, "Mashaallah, mtoto ana adabu."

Niliingia ndani. Nilijua siku hiyo, sikuambiwa na mtu. Ningeweza kumwita jirani yangu nikamwambia mchukue, kaa naye, nisamehe. Niliyapanga maneno hayo kitandani mara nyingi, mpaka yakawa mepesi mdomoni. Alikuwa akija kila wiki, maana nguo zangu alizifua yeye. Hilo pia nililijua na sikulitaja. Alikuwa akizikunja na kuzikabidhi langoni bila kuingia. Ulimi wangu mrefu ule, uliomkimbiza ami wa mtu, haukufika langoni.

Siku moja alikuja mpaka kwenye waya, amevaa viatu vya safari. Mume wake amehamishwa, warudi bara. Alikuwa anatembea kuelekea upande wetu, nikamwona. Nikajilaza kwenye mkeka wangu wa barazani, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, hakuna alalaye. Nikamsikia akisimama. Nikamsikia akipumua, maana alikuwa ametembea. Akakaa pale muda wa mtu kusema maneno mengi, na hakusema hata moja. Nilipofunua shuka palikuwa na gauni limetundikwa kwenye waya, la maua madogo, kubwa kuliko lile la kwanza. Alikuwa amekisia mtoto atakavyokuwa nitakapotoka.

Nililazwa mwaka mmoja na nusu. Nilitoka miezi michache kabla ya uhuru. Bi mkubwa alikuja kunichukua pamoja na kiongozi wa kina mama wa kanisa, mwanamke mrefu aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto la Changamwe. Wakanikuta nimekaa kitandani na kifurushi changu tangu alfajiri. Chumba changu, alichokuwa amekihama mume wangu, walikuwa wamekipaka chokaa, wamechemsha kila kitambaa, wametandika. Wengine walipika. Kulikuwa na vifijo na dua, na wimbo wa kanisa, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Siwezi kusema kina mama wale walinikosea kitu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kubadilishana. Mwanangu aliletwa baada ya adhuhuri na mama wa zamu aliyetangulia, ana leso yake mkononi, ameifunga mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama mpaka alipoambiwa akae. Akauliza aweke wapi mzigo wake. Alikula alichopewa, hakuomba cha pili, akaosha kikombe chake akakipindua kukikausha. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama msafiri aliyefika mji mgeni, "Hapa twasali vipi?"

Wageni wakacheka kwa mapenzi. Nikacheka nao. Nikamjibu, "Hapa twasali kama Waislamu." Akasema, "Haya, mama."

Wiki ile nilijidanganya. Nilimsuka, nikamvisha lile gauni, likamkaa sawasawa, nikampikia mbaazi na mahamri. Kila nikimwita aitika abee. Kila nikimtuma aenda. Hakukataa kitu, hakuvunja kitu, hakuniuliza kwa nini. Usiku alilala chali pembeni ya kitanda, mikono yake kifuani pake mwenyewe. Nikajiambia ni haya tu, atazoea.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, nilitoka uwani nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Amevaa. Mzigo wake uko magotini, umefungwa vizuri, mkeka umeviringishwa.

"Wafanya nini hapo?"

Akainuka, maana mkubwa akisema husimama. "Zamu yako imekwisha, mama," akasema. "Ahsante kwa kunilea."

Ndipo hasira zangu zote za mwaka na nusu zikapanda. Nikampokonya ule mzigo, nikaufungua, nikatupa kila kilichokuwamo. Kikombe cha bati kiliviringika mpaka uwani. Nikapiga kelele kwamba mimi ndiye mama yake, mimi niliyemzaa, hakuna zamu, zamu imekufa. Mwanangu alingoja nimalize. Kisha alikifuata kikombe, akakiosha, akarudi, akakunja nguo, akafunga. "Haya, mama," akasema, akakaa tena kizingitini kusubiri. Sikuona chozi kwake. Mimi nililia kwa sauti mpaka wapangaji wakatoka.

Nilikwenda kwa bi mkubwa siku ile ile, nina mori. Nikamuuliza mmemfanya nini mwanangu. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha.

"Alikuwa akilia kila Jumamosi," akasema. "Akizoea nyumba, Jumamosi yamkuta. Miezi mingi, mwanangu. Huyu alia, na yule anayemwacha alia. Tukaona tumfundishe. Tukamwambia wiki ikiisha, shukuru, funga mzigo wako, mwenzio akungoja. Akajifunza. Tangu hapo hakulia." Akapuliza makapi. "Ulitaka asipate mama mwingine. Hakupata."

Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kina mama walianza kupunguza kuja, na ndivyo inavyopasa, nilikuwa nimepona na wengine walikuwa wagonjwa. Lakini si hilo tu. Kwenye harusi ya kwanza nilikwenda mekoni na kisu changu, nikapewa kiti. "Pumzika, mwenzetu, wewe umetoka ugonjwani." Harusi ya pili, kiti. Nikaelewa kuwa hakuna ambaye angekula nazi niliyoikuna. Hawakunibagua kwa maneno; walinikalisha tu. Nikaacha kwenda. Ndugu yangu wa Likoni hakuja. Nilikuwa na mtoto ndani ya nyumba, na wallahi sijawahi kuwa mpweke vile, hata wodini.

Na kila Jumamosi alifunga mzigo, na kila Jumamosi nikaufungua. Niliacha kupiga kelele. Nilimwambia, leo huendi popote. Akasema, haya, mama. Akakaa kizingitini mpaka jua lishuke, kwa kuwa huenda mama wa zamu amechelewa. Siku moja nilimuuliza kama amkumbuka yule mama wa bara aliyekuwa chumba cha pili, aliyemshonea gauni. Akafikiri kwa bidii, alitaka kunipa jibu zuri. Akasema hapana. Hapo ndipo nilipopaswa kufurahi, maana nilikuwa nimeshinda.

Ikaja wiki ya uhuru. Bendera mpya, ngoma kila kona, malori ya watu wakiimba kutoka Changamwe kwenda mjini. Vyama vyote viwili vilichukuliwa kwenda kupika kwenye sherehe, na wapangaji wetu wote walikuwa barabarani. Alhamisi nilimpeleka mwanangu kutazama. Nilimwambia anishike mkono, akanishika, na nilipouachia ili nijifunge leso, yeye naye aliuachia wake ukaning'inia ubavuni.

Jumamosi ya wiki ile ile, adhuhuri, nilitoka uwani nikiwa nimejiandaa kuufungua mzigo. Nyumba nzima kimya, ngoma zasikika kwa mbali. Alikuwa amekaa kizingitini mahali pake. Mikono mitupu. Leso yake ilikuwa ndani, imetundikwa, kikombe kimepinduliwa kwenye rafu.

Moyo wangu uliruka. Nilisogea polepole nisiuharibu ule wakati. "Leo hukufunga mzigo?"

"La," akasema. Hakuinuka kusimama. Alikuwa akitazama barabara, ambayo haikuwa na mtu. "Wamenisahau."

Nilikuwa na maneno yangu ya kila Jumamosi, kwamba hakuna aliyemsahau, kwamba hapa ndipo kwao, kwamba mimi ndiye mama yake. Nilikuwa nimeshayasema mara nyingi, na yeye alikuwa ameyaitikia kila mara kwa adabu. Siku ile hayakunitoka. Lililonitoka sikulipanga.

"Na mimi wamenisahau," nikasema.

Akageuka. Tangu aje alikuwa hajanitazama hivyo, kwa kutaka kujua. Alinitazama uso, na mkono wangu ulioshika mlango, na miguu yangu.

"Nani alikuwa na zamu yako?" akauliza.

Nikafikiri nimtaje nani. Baba yake, mjomba wake, jirani aliyesimama kwenye waya nikiwa nimejifunika shuka. Wote walipita mbele yangu, nikawaacha wapite.

"Ni wewe," nikamwambia.

Alilifikiria hilo kwa muda, kama alivyokuwa akifikiria jambo lolote aliloambiwa na mkubwa. Lakini hakusema haya, mama. Alijivuta kando kwenye kizingiti, akapangusa vumbi kwa kiganja pale alipokuwa amekaa, akaniachia nafasi.